Maganda Tisa

Jumapili, tarehe 19 Oktoba 1958, saa nne na robo asubuhi, mvua iliyonyesha siku mbili mfululizo ilikatika juu ya kijiji cha Brezna. Jua lilitoka likiwa dhaifu, na upepo wa magharibi ukawa unalitikisa tufaha moja jekundu lililochomekwa kwenye ncha ya mti mrefu uliofungwa katika mpea wa Miladin. Chini ya tufaha hilo tulisimama sisi, watu wa bwana harusi kutoka Trnjak, tope limetufika vifundoni, taulo nyeupe za harusi zimening'inia mabegani. Mimi, Krsman, nilikuwa mkuu wa msafara kwa sababu bwana harusi, Vukosav, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani alikuwamo Stanojka, ambaye tulikuja kumchukua.

Miladin, baba yake, alitoka barazani, mikono nyuma.

“Karibuni, wageni. Mmepotea njia au mna haja?”

“Tuna haja,” nilijibu, kama inavyompasa mkuu wa msafara.

“Haja yenu iko pale juu.” Alionyesha kwa kidevu. “Likianguka, mlango uko wazi. Lisipoanguka, nguruwe ameshachomwa, mtakula, mtarudi kwenu salama.”

Watu walicheka. Sikucheka, kwa maana nilijua kwamba Miladin hatanii.

Katika vijiji vyetu vyote bwana harusi hulipiga tufaha kabla ya kumwona mke wake. Ana risasi tatu. Akikosa zote, watu hupiga makelele, baba wa bibi harusi hupewa chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, naye hukata kamba kwa kisu chake na tufaha huanguka lenyewe. Sijapata kusikia ndoa iliyovunjwa na tufaha. Lakini tangu mwezi Agosti Miladin alikuwa akisema, dukani na kanisani, kwamba kwake tufaha ni tufaha. Kule mjini palikuwa na mwanamume mjane mwenye nyumba ya vigae na kinu cha kusagia, aliyemtaka Stanojka, na Miladin alimpendelea. Stanojka alimkataa mjane huyo mbele ya kasisi, kwa sauti iliyosikika hadi nje. Baba yake hakuwa na ujasiri wa kumpinga hadharani. Akaliachia tufaha limpingie.

Hilo Vukosav alilijua. Ndiyo maana siku ya posa, Ljubisav, msimamizi wa harusi, alipojitolea kumwazimisha bunduki yake ya kuwindia, Vukosav alimshukuru kwa moyo wote. Tangu serikali ilipokusanya silaha baada ya vita, maharusi wetu huazima bunduki ya msimamizi, na kwa bunduki ya marisau, imwagayo punje nyingi kwa mpigo mmoja, hata mtoto huangusha tufaha. Mambo yangekwisha hapo. Lakini Miladin aliinua gilasi yake akamtazama Obren, baba wa kijana.

“Sawa, mkwe mwenzangu. Watu wa Trnjak hata kishindo mnaazima. Usiku wa harusi mtakuja kuniazima na kitanda?”

Meza nzima iliangua kicheko, pamoja na watu wetu. Obren aliweka gilasi yake chini bila kuinywa.

“Nyumba yangu haiazimi,” alisema. “Mwanangu atapiga kwa silaha ya nyumbani kwake.”

Vukosav alimvuta mkono wa koti. “Baba, ni utani tu.”

“Utani ni wake. Jina ni langu.”

Silaha ya nyumbani kwake ilikuwa bastola ya mfukoni, ndogo kiasi cha kufichwa na kiganja cha mwanamke, ambayo Obren aliileta kutoka jeshini alipokuwa fundi wa silaha wa jeshi la zamani. Bunduki yake kubwa aliisalimisha kwa serikali akapewa stakabadhi. Bastola hakuisalimisha. Aliificha katika banda la kukaushia plamu, nyuma ya tofali la dohani, na mimi nilimwambia tangu mwanzo kwamba sheria ni sheria hata kwa kitu kidogo. Risasi hazikuwamo. Alizimaliza zote mwaka 1932, siku Vukosav alipozaliwa, alipotoka nje ya mlango akafyatua hewani mpaka bastola ikanyamaza. Dada yangu alinisimulia kwamba baadaye alipiga magoti nyasini na taa ya mkono, akayaokota maganda yote tisa, akayaweka katika soksi ya mtoto. Hakuna duka lililouza risasi za ukubwa ule, na kama lingekuwapo lisingemuuzia mtu asiye na kibali. Kwa hiyo Obren aliamua kuyajaza upya maganda yaleyale.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ganda lililokwisha kulia hutolewa fataki iliyokufa, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwake, hubandikwa fataki hai, hutiwa baruti, kisha hufungwa mdomo kwa kichwa cha risasi kilichosubuliwa katika kalibu. Katika ganda kubwa mkono ukitetemeka kidogo hakuna neno. Ganda la bastola ile lingeweza kuingia lote katika tundu la pua. Chembe chache zikizidi, chuma hupasuka. Zikipungua, kichwa cha risasi hakitoki nje, bali hukwama ndani ya mtutu kama mfupa kooni. Obren aliyajua haya kuliko mtu yeyote wilayani. Vyombo vyake alivitengeneza kwa mkono: kalibu ya chuma, kijiko kilichokatwa kutoka ganda jingine, kipande cha ubao chenye matundu tisa. Baruti aliitoa katika risasi za kuwindia. Fataki aliletewa na rafiki wa zamani, katika kibati cha dawa ya kikohozi, na hakusema zilitoka wapi, wala mimi sikuuliza, maana nilijua jibu lisingenipendeza.

Septemba nzima, kila alfajiri kabla ya kwenda kuokota plamu, baba na mwana walikuwa katika banda lile. Nilikwenda mara kadhaa kuwatazama. Tangu dada yangu afariki, wawili hao waliishi nyumba moja wakizungumza juu ya ng'ombe na hali ya hewa basi. Sasa niliwakuta wameinamia ubao mmoja, vichwa vimegusana, Obren akimimina na Vukosav akimshikia mwanga.

“Usipumue,” Obren alisema.

“Sijapumua tangu jana, baba.”

“Basi endelea hivyohivyo mpaka harusini.”

Kisha walitoka nyuma ya banda. Vukosav alichomeka tufaha bovu kwenye mti wa maharagwe, akasimama, akapiga. Mkono wake ulikuwa mtulivu ajabu. Katika risasi tatu alilipata tufaha kwa moja, na kufikia katikati ya mwezi, mbili. Baada ya kila mlio ilimbidi auvute mwenyewe mfuniko wa chuma wa bastola ili ganda litoke na jingine liingie, kwa sababu Obren alitia baruti kidogo, na nguvu yake haikutosha kuurudisha mfuniko huo wenyewe kama ilivyokusudiwa na waliotengeneza bastola.

“Risasi zako ni kama mahubiri ya kasisi wetu,” Vukosav alimwambia. “Zinatoka taratibu na hazifiki mbali.”

“Zikifika kwenye tufaha inatosha. Nyuma ya tufaha kuna paa la mkwe wako. Nikiongeza, chuma kizee hiki kitatuaga.”

Jambo moja alimfundisha kwa ukali, akimrudisha mwanzo kila alipolipuuza.

“Sikiliza kila mlio. Jicho lako liko kwenye tufaha, sikio lako liwe kwenye bastola. Ikilia kavu, kama tunda gumu la jozi linalovunjwa, piga tena. Ikilia kama mtu anayetema kokwa, acha. Ishushe, ifungue, chungulia mtutu kwenye mwanga. Hata kama mfalme amesimama mbele yako anasubiri. Nimesema nini?”

“Ikitema kokwa, niache.”

“Hata mbele ya nani?”

“Hata mbele ya mfalme. Mfalme tulikwishamfukuza, baba.”

“Basi hata mbele ya katibu wa chama.”

Siku mbili au tatu bastola ilitema kokwa kweli. Kila mara Vukosav aliacha, wakaifungua, wakaikuta risasi imekwama nusu ya mtutu, na Obren akaisukuma nje kwa kijiti cha shaba. Niliyaona kwa macho yangu. Walikuwa waangalifu. Sitaki mtu aseme kwamba walikuwa wazembe.

Lakini shaba huchoka. Ganda lililojazwa na kulipuliwa mara nyingi hupata ufa mdomoni, na lenye ufa halifai. Yalianza tisa, mwisho wa mwezi yalikuwa matano, wiki ya harusi yalibaki matatu mazima, na Obren alikataa yasiguswe tena mpaka siku yenyewe. Katika kibati cha dawa namo zilibaki fataki za chini, zilizoota ukungu wa kijani. Nilimwonyesha.

“Nimezichagua, shemeji,” alisema.

“Umezijaribu?”

“Fataki ukiijaribu imekwisha. Haijaribiwi, kama wewe usivyoijaribu ndoa.”

Mimi sikuoa. Alijua pa kunigusa ili ninyamaze.

Jumamosi, siku moja kabla ya harusi, mchana, tulikuwa watatu jikoni kwa Obren. Mvua ilikuwa ikipiga dirisha. Risasi tatu zilikuwa juu ya kitambaa mezani, zimefutwa zikang'aa. Vukosav alizitazama muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba siku nyingi.

“Baba, mwambie msimamizi kesho wasipige pamoja nami.”

Kwetu bwana harusi hapigi peke yake. Anapoinua silaha, kila mtu wa msafara mwenye bunduki ya kuwindia yenye kibali huinua yake kuelekea mbinguni, na wote hufyatua kwa pamoja. Wazee husema desturi hiyo ilianzishwa kwa huruma, ili bwana harusi akikosa, pasiwe na mtu wa kuapa kwamba ni yeye aliyekosa.

“Kwa nini wasipige?” Obren aliuliza.

“Sitasikia.”

Obren aliigeuza risasi moja kwa ncha ya kidole. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Nilimwona akielewa, na nilimwona akielewa pia jambo la pili, ambalo lilimshinda.

“Unataka uwanja mzima unyamaze,” alisema polepole, “halafu hiki kilie peke yake? Umewahi kukisikia kikilia peke yake, mahali pa watu? Ni kama mwanamke anayepasua kuni za jiko. Miladin atauliza kama tumemletea mlio au kikohozi. Atakisimulia mpaka afe.”

“Acha asimulie. Mimi nitakuwa nimeshaondoka na binti yake.”

“Na mimi nitabaki nikiishi naye wilaya moja.”

“Baba. Nakuomba.”

“Mtu hulisikia chombo chake hata kwa mkono,” Obren alisema. “Utaisikia kiganjani.”

Niliona ni wajibu wangu kusema. Nilisema kwamba kijana ana haki, kwamba tusichanganye heshima na kelele, na kwamba kama ni aibu, basi aibu ya dakika moja hubebeka. Obren alisimama akazikusanya risasi zake katika kitambaa.

“Shemeji, wewe umelelewa bwenini, ambako kengele ilikuamulia kila kitu. Hapa ni nyumbani kwangu.”

Vukosav alikubali. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kwetu mtu wa umri huo ambaye bado anakula katika sufuria ya baba yake humtii baba yake. Nilimlea katika kanuni hiyo mimi mwenyewe, na bado naamini kwamba ni kanuni nzuri.

Basi tukafika uwanjani Brezna, asubuhi ile niliyoitaja. Vukosav alitoa bastola mfukoni, na wanaume wa Brezna waliponyoosha shingo kuiona, mmoja alisema, “Ametoa kiwashio, atatuwashia sigara.” Obren alisimama wima pembeni ya farasi, uso wake hausomeki. Dirishani, nyuma ya pazia, palikuwa na kitambaa cheupe kilichosogea. Vukosav alikitazama, kisha akaliinulia tufaha mkono wake. Ljubisav akapaza sauti, “Kwa pamoja!” na bunduki sita zikalia.

Sijui bastola ililia vipi. Hakuna aliyejua. Moshi ulitanda, kunguru wakaruka, watoto wakapiga kelele, na tufaha likabaki mahali pake. Nilimwona Vukosav ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeitwa jina na hana hakika. Aliitazama bastola kiganjani mwake. Akamtazama baba yake.

Wakati huo Ljubisav, aliyekwisha kunywa rakija ya barazani na ya njiani, alikuwa akitia risasi nyingine. “Usimpe mkwe nafasi ya kupumua! Ya pili hiyo, bwana harusi! Kwani unaiombea?”

“Labda imekwenda kutafuta miwani!” mtu wa Brezna alisema, na uwanja ukacheka.

Vukosav aliendelea kumtazama baba yake. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona midomo yake ikisema, bila sauti, “Nifungue?” Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu: kuishusha, kuifungua, kuchungulia. Lakini kuifungua bastola mbele ya Miladin kungekuwa kukiri kwamba silaha ya nyumbani ni mbovu. Obren alitikisa kichwa: hapana. Kisha akakiinua kidevu kuelekea juu: piga.

Vukosav alivuta mfuniko, kama alivyozoea kuuvuta kwa mkono Septemba nzima. Ganda likatoka, jingine likaingia. Kama bastola ingekuwa na nguvu yake ya asili, kubaki kwa mfuniko ule mahali pake kungemwonya. Lakini kwake ulikuwa haujawahi kwenda wenyewe. Aliinua mkono. Bunduki sita zikalia tena, na safari hii katikati ya vishindo hivyo nilisikia mlio mwembamba, mkali, usio wa bunduki.

Alipiga magoti katika tope, mikono usoni.

Risasi ya kwanza haikuwa imetoka. Ilikwama mtutuni, na ya pili ikaikuta hapo. Mtutu ulivimba, mfuniko ukapasuka, na kipande kisichozidi punje ya ngano kiliingia katika jicho la kulia la mtoto wa dada yangu.

Mlango ulifunguka kwa ndani. Stanojka alitoka mbio katika nguo zake za harusi, akampokonya Ljubisav taulo la begani, akapiga magoti palepale kwenye tope, akalikandamiza taulo kwenye uso wa Vukosav. Alisema neno moja moja, kwa utulivu, kama anayemtuliza ndama. “Tulia. Tulia. Nipo.”

Obren alikuwa amesimama mahali pake. Hakusogea hata hatua. Nilidhani amegeuka jiwe.

“Naliangusha mimi, mambo yaishe!” Ljubisav alipiga kelele, akainua bunduki yake.

“Ishushe,” alisema Miladin. Alikuwa ameshuka ngazi. Alimtazama kijana, akalitazama tufaha, na nadhani kwa muda kidogo alikuwa na huruma. Kisha ikapita. “Bwana harusi ana risasi tatu. Amepiga mbili. Ana ya tatu?”

“Miladin,” nilisema, “mtu anavuja damu uwanjani kwako.”

“Namwona. Gari lenu lina farasi, mpelekeni hospitali. Sijamfyatulia mtu mimi.”

“Nakwenda nao,” alisema Stanojka.

“Unakwenda ndani.”

“Baba, nakwenda nao!”

“Tufaha liko juu,” alisema Miladin, na kaka wawili wa Stanojka wakamshika viwiko. Hakupiga kelele. Alishikilia ncha ya taulo mpaka lilipomponyoka. Tukampakia Vukosav katika gari lililopambwa kwa maua na utepe, kwa kuwa hatukuwa na jingine, tukaondoka.

Mjini walimtoa jicho siku hiyohiyo. Alhamisi Stanojka alikuja kwa basi, akiwa amewatoroka kaka zake, akaketi kwenye benchi la ukumbi wa hospitali tangu asubuhi. Nilikuwapo. Vukosav alimwambia muuguzi aseme amelala, akageukia ukutani. Niliingia nikamkemea.

“Mjomba, aje nyumbani afanye nini? Awe nesi wa kipofu nusu, ampikie mzee ugali wa mahindi, na kila mwanamke kisimani amwonyeshe kidole: yule ndiye aliyekwenda na tufaha likabaki juu?”

“Hilo aliamue yeye. Na jicho unalo jingine.”

“Hukuona alivyonitazama pale matopeni. Alinionea huruma. Sikumtaka kwa huruma.”

Kaka zake walimkuta saa nane wakamrudisha nyumbani. Hilo la kumgeuzia mgongo msichana ni la Vukosav mwenyewe, na mimi silitii katika hesabu ya baba yake. Kabla ya mfungo wa Krismasi Stanojka aliolewa na yule mjane wa mjini. Walikuja kumchukua kwa motokaa. Sikuuliza tufaha liliangushwa na nani.

Bastola ilikuwa imeshafika mikononi mwa polisi, maana daktari hawezi kutoa chuma katika jicho asiandike. Walikwenda kwa Vukosav wodini. Aliwaambia kwamba bastola aliiokota yeye wakati wa vita akiwa mvulana, akaificha, akazijaza risasi mwenyewe, na kwamba baba yake hakujua lolote. Akatia sahihi. Obren alipopata habari alikuja kwangu akiwa amevaa koti lake la kanisani.

“Twende mjini, shemeji. Wewe unajua kuzungumza na watu wa ofisini.”

Tulikwenda kwa mwendesha mashtaka. Obren alisema kila kitu: jeshi la zamani, tofali la dohani, maganda, fataki za kijani. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mimi nikathibitisha kila neno, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye mafua. Alitusikiliza mpaka mwisho akajifuta pua.

“Mzee, kila baba huja hapa na hadithi kama hii, na kila baba huja na shemeji. Kijana amekiri na maelezo yake yananyooka. Rudini nyumbani.”

Vukosav alipewa miezi minne. Alitakiwa ajisalimishe gerezani katikati ya Januari.

Nililala kwa Obren usiku wa mwisho kwa sababu niliogopa kuwaacha peke yao. Tangu hospitali walikuwa hawajasemezana ila kwa ng'ombe. Asubuhi theluji ilikuwa imefika dirishani. Obren aliamka wa kwanza, akawasha jiko, akafunga mfuko: soksi za sufu, nyama ya moshi, mkate, tumbaku. Vukosav aliketi akanywa chai, kitambaa cheusi juu ya jicho. Basi lingepita barabarani baada ya nusu saa.

Obren alisimama mbele ya meza kama mwanajeshi mbele ya mkubwa wake.

“Niache niende mimi,” alisema. “Nitakwenda mpaka mlangoni pa gereza, nitawaambia wamekosea mtu. Nikiwa nimesimama pale watanichukua. Nilikaa miaka minne katika kambi ya Wajerumani. Miezi minne kwangu ni kulala mchana.”

“Hawatakuchukua. Nimeshasaini.”

“Futa. Sema ulidanganya kwa ajili ya mzee. Wataelewa.”

“Sikudanganya kwa ajili ya mzee.”

Obren hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, na nilikuwa nimeanza kujivunia kijana huyu, nikidhani ninaona ndani yake mambo niliyomfundisha.

“Shamba la plamu nimekwenda kuliandikisha kwa jina lako,” Obren alisema. “Na nyumba. Nitahamia bandani. Si kitu, najua si kitu. Lakini hili la jela ni langu moja kwa moja, Vukosav. Nilikukatalia jikoni, nikakutikisia kichwa uwanjani. Ni deni langu. Niache nililipe.”

“Najua ni lako, baba.”

“Basi nipe.”

Vukosav aliweka kikombe chini. Alizungumza bila hasira, na kama angezungumza kwa hasira ningemkatiza.

“Ukienda wewe, utarudi mwezi wa tano. Utakuwa umekaa, umekula uji wao, umelala kwenye ubao, na utaingia mlango huo ukiwa umelipa. Utaketi hapa mezani, utakula, na utalala usingizi. Na mimi nitabaki hivi. Ndiyo maana nilisaini.”

“Mwanangu.”

“Sitaki ulipe. Shamba lirudishe kwa jina lako. Jela nakwenda mimi. Nataka uamke kila siku ukidaiwa.”

Nilisimama. Nilimwambia kwamba mtoto hasemi hivyo na baba yake, kwamba iko mipaka hata kwa mtu aliyeumizwa, kwamba dada yangu angeona haya. Alinisikiliza kwa adabu. Alivaa koti, akaziacha soksi na nyama mezani, akachukua tumbaku tu.

Obren alimzuia mlangoni, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

“Chochote,” alisema. “Taja chochote, nitatoa.”

Vukosav aliutoa mkono wake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

“Sipokei,” alisema, akatoka kwenda barabarani.